Jiwe la Kijani si Almasi, Lakini Usilipige Nyundo

Mkazi wa Mwanda akiokota jiwe la kijani linalong'aa, hakosi jirani wa kumwambia ni almasi. Mara nyingi huwa ni kitu kingine. Kito kilichoipa kaunti yetu sifa ni tsavoraiti, ambayo wachimbaji huiita garineti ya kijani. Jina hilo lilitolewa mwaka 1974 na kampuni ya Tiffany ya New York, kutokana na Tsavo yetu.

Almasi ni kaboni. Ya manjano hupata rangi kwa naitrojeni, ya buluu kwa boroni. Rubi na safaya ni madini ya aina moja: nyekundu ndiyo rubi, kama ile ya Mangare. Kwa ugumu, almasi ina 10, safaya 9, na tsavoraiti 7 hadi 7.5.

Ugumu huo ni wa kukwaruzwa tu. Nyundo hupasua hata almasi, na hapo ndipo wengi hupata hasara. Tsavoraiti safi iliyokatwa na kuzidi karati 3 ni adimu (karati 1 ni gramu 0.2), na bei ya kila karati hupanda kadiri kito kinavyokuwa kikubwa. Vipande viwili havirudishi bei ya jiwe zima.

Tena, safaya nyingi sokoni zimepashwa moto ili rangi ipendeze. Tsavoraiti kwa kawaida huuzwa na rangi yake ya asili, nao wanunuzi wanalijua hilo.

Kabla ya kukubali bei ya dalali, osha jiwe, lipime kwa gramu, kisha uliza katika Kituo cha Vito mjini Voi.