Mlango wa benki ukifungwa, kazi ya keshia bado

Mfanyabiashara wa Rubavu au Rusumo akiikuta benki imeshafunga, husema moyoni kwamba watu wa benki wana raha: wanavaa tai, wanakaa kivulini, na jioni wanakwenda zao mapema. Mambo sivyo yalivyo. Mlango ukishafungwa ndipo keshia anapoanza kazi asiyoonwa na mteja.

Huhesabu noti zote za droo yake na kuzilinganisha na karatasi za kuweka na kutoa pesa za siku nzima. Hesabu ikikataa, hata kwa faranga elfu tano tu, hurudia tangu karatasi ya kwanza ya asubuhi. Upungufu usipopatikana, mara nyingi hudaiwa yeye mwenyewe. Mpakani kazi huzidi, maana kuna faranga na kuna dola, na dola iliyochanika au kuchorwa ina ubishi wake. Tena ikiwa tawi lina keshia mmoja tu anayekijua Kiswahili vizuri kwa sababu alikulia Kigoma au Bukavu, foleni yote ya wavukaji itaishia kwenye dirisha lake.

Sheria inasemaje?

Nchini Rwanda, kuanzia Januari 2023 saa rasmi za kazi ziliwekwa kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Sababu mojawapo iliyotajwa ni wazazi kupata muda na watoto wao. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilikuwa imeweka saa 45 kwa wiki. Marekebisho ya Mei 2023 yakazishusha hadi 40. Likizo ya uzazi ikawa wiki 14, na baba akapewa siku 7.

Hata hivyo, sheria hiyo inaruhusu saa za ziada iwapo mwajiri na mfanyakazi wamekubaliana. Hapo ndipo penye tatizo. Keshia mgeni kazini, pengine amerejea nchini juzi na nyumba nzima inamtegemea, atapata wapi ujasiri wa kumwambia meneja kwamba leo hawezi? Anakubali, na kesho anakubali tena.

Mwili haudanganywi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40.

Wewe mteja yanakuhusu

Ndugu mfanyabiashara, usidhani hayo ni ya wenye tai peke yao. Aliyechoka hukosea, na pesa anayoikosea ni yako. Hivyo panga noti zako kwa thamani kabla ya kufika dirishani. Fika asubuhi ukiweza, usingoje dakika ya mwisho na gunia la noti ndogo. Hesabu pesa ukiwa bado mbele ya keshia, maana ukishatoka nje madai yako hayana shahidi. Malipo madogo yamalize kwa simu.

Nao wakuu wa matawi wana wajibu wao. Siku ya soko inajulikana. Waongeze mtu dirishani siku hiyo badala ya kumkalisha mmoja hadi usiku. Likizo ya mwaka, ambayo kisheria si chini ya siku 18 za kazi, itolewe kweli na simu ya mfanyakazi iachwe ipumzike. Saa za ziada ziandikwe na zilipwe au zifidiwe kwa mapumziko.

Na wazazi wenye kijana benki, msiulize mshahara tu. Muulizeni pia anarudi nyumbani saa ngapi.