Kitabu kisicho na jalada

Pale Nyawera, hapa Bukavu, kuna kijana mwenye mashine ya fotokopi. Wateja hawamtajii jina la kitabu, wanamwuliza tu, "Uko na Onana?" Anafungua WhatsApp, anatafuta PDF, anapiga hesabu ya kurasa na kutaja bei. Umeme ukiwepo, kitabu kinatoka kingali cha moto, kimebanwa pini mbili, hakina jalada.

Charles Onana ni mwandishi Mfaransa mwenye asili ya Kamerun. Tarehe 9 Desemba 2024 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kitabu chake cha 2019 kuhusu Turquoise, operesheni ya jeshi la Ufaransa nchini Rwanda, ikisema kinakana mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Alitozwa faini ya euro 8,400, mchapishaji wake 5,000, naye akakata rufaa. Huku Bukavu anapendwa zaidi kwa kitabu kingine, cha 2023, kinachozungumzia vifo vya Wakongo. Napaelewa penzi hilo linapotoka. Ila msiba wetu ni wa kweli hata bila kumkania jirani wa kwake.

Sasa, duka la mtandaoni lifanye nini na mwandishi wa namna hii? Kwanza linatazama sheria ya mahali mnunuzi alipo. Ufaransa ina sheria ya magazeti ya 1881, iliyopanuliwa 2017 ili iguse na ukanaji wa mauaji ya kimbari mengine, si yale ya Wayahudi peke yake. Ukivuka Ruzizi, Rwanda ina sheria yake, tena kali. Nchini Marekani serikali haiwezi kukataza kirahisi, kwa hiyo duka hujiamulia lenyewe, na linaweza kugeuka: mwaka 2020 Amazon iliondoa Mein Kampf ya Hitler, kisha ikairudisha.

Zamani katazo lilikuwa na sura. Kitabu cha Jules Chomé kuhusu kupanda kwa Rais Mobutu madarakani kilipopigwa marufuku Ufaransa miaka ya 1970, kila mtu alijua ni serikali iliyokataza, na kwa faida ya nani. Leo ukurasa unaandika "hakipatikani", basi. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya Orwell ndani ya vifaa vya kusomea vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa mgogoro wa haki za uchapishaji. Walirudishiwa pesa. Kimojawapo kilikuwa 1984, riwaya ya dola linalofuta maandishi, usicheke.

Mimi kinachonisumbua si kuondoa wala kuacha. Kuweka kitabu rafuni ni jambo moja, kukisukuma ni jingine. Programu ya duka hutazama nani alinunua nini, ikamwekea mnunuzi wa kitabu kimoja cha chuki vingine vitano mfano wake. Muuza vitabu mwenye akili angemwambia, "Chukua na hiki kinachompinga." Kwangu, duka lenye haki lingeuza Onana na kuacha kumpigia debe.

Lakini maamuzi hayo yote yanafika Nyawera yamechoka. Mteja mmoja aliona bei ni kubwa, akaambiwa kurasa za nyuma, zile za tanbihi na vyanzo, zinaweza kuachwa. Akakubali. Nami nikauliza bei ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, ambayo mtandaoni ni bure. Kijana akatazama: zaidi ya kurasa 500.

"Mama, hiyo yote?"