Chotara wa Spanieli Mdogo: Damu Ngeni na Moyo wa Kale

Katika bustani za umma za miji ya Uingereza, Australia na Marekani, mpita njia hakosi kukutana na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, masikio marefu yaliyolala na macho makubwa ya duara. Akiuliza ni mbwa wa aina gani, huenda akaambiwa kuwa ni Cavapoo. Na kama manyoya ni meupe na laini mithili ya pamba, huenda akaambiwa kuwa ni Cavachon. Majina yenyewe ni chotara kama wenye kuitwa. Mwanzo wa jina umetokana na Cavalier King Charles, spanieli mdogo wa Kiingereza. Mwisho wake umetokana na mzazi wa pili, ambaye ni pudeli katika jina la kwanza, na Bichon Frise katika jina la pili.

Wauzaji wa mbwa hawa, ambao walianza kujipatia umaarufu katika miaka ya 1990, huwanadi kwa sifa mbili. Husema kwamba hawapukutishi manyoya, na kwa hiyo hawamdhuru mtu mwenye mzio. Husema pia kwamba, kwa kuwa wamechanganya damu, wana afya bora kuliko wazazi wao. Dai hili la pili lina sura ya kisayansi, na ndilo linalomfanya mnunuzi atoe fedha nyingi kwa moyo mkunjufu. Je, lina ukweli kiasi gani?

Ili kulipima, yafaa kuanza na mzazi. Spanieli wadogo walikuwa vipenzi vya majumba ya kifalme ya Uingereza. Mchoraji Anthony van Dyck aliwachora pamoja na watoto wa Mfalme Charles wa Kwanza katika miaka ya 1630, na Charles wa Pili, aliyetawala tangu 1660 hadi 1685, aliwapenda kupita kiasi. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyekuwa akiandika shajara, alinung'unika mwaka 1667 kwamba mfalme alikuwa akicheza na mbwa wake huku shughuli za baraza zikiendelea.

Mbwa hao wa kale walikuwa na pua ndefu kiasi. Katika karne ya 19 mtindo ulibadilika. Wafugaji wakapendelea uso bapa na kichwa cha mviringo, hata yule mbwa wa michoro ya zamani akaadimika. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, alitangaza zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, kwa dume na kwa jike watakaofanana zaidi na wale wa zamani. Masharti yalihusu uso mrefu, fuvu bapa lisilo na kinundu, na doa katikati ya kichwa. Moyo haukutajwa. Eldridge alifariki mwaka 1928, na mwaka huohuo chama cha wafugaji kikaundwa, nacho kikamchukua mbwa mmoja, Ann's Son, kuwa kielelezo hai cha umbo linalotakiwa.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Chakula kilikuwa haba na mbwa wa anasa hawakuwa na nafasi. Banda moja lililokuwa na mbwa 60 lilibakiwa na watatu. Aina hii ilipotambuliwa rasmi mwaka 1945, msingi wake ulikuwa mwembamba mno: wanaofuatilia nasaba za mbwa hawa huzirejesha kwa mbwa sita tu. Maelfu kwa maelfu ya Cavalier waliotapakaa duniani leo wamepita katika tundu hilo dogo la sindano.

Ukoo ukianzishwa na wachache, kila kasoro iliyofichika ndani ya hao wachache hugawiwa kwa wajukuu wote. Mwaka 2021 watafiti wa Sweden, wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Uppsala, walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni za aina nane za mbwa. Cavalier ndiye aliyeonekana kubeba mzigo mkubwa kuliko wenzake wa mabadiliko yenye madhara katika jeni zake.

Kasoro mbili ndizo zinazotisha zaidi. Ya kwanza ni ya moyo. Kati ya chumba cha juu na chumba cha chini cha upande wa kushoto wa moyo kuna vali iitwayo mitrali, ambayo kazi yake ni kama ya mlango wa upande mmoja: damu ishuke, isirudi. Katika mbwa mwenye ugonjwa huu, ngozi ya vali hunenepa na kujikunja, mlango haufungi sawasawa, na kila pigo la moyo hurudisha damu kidogo juu. Daktari wa mifugo akiweka kifaa chake kifuani husikia mnong'ono badala ya pigo safi. Moyo hujitahidi kufidia, hutanuka, na hatimaye majimaji hujaa mapafuni. Mbwa hukohoa, huhema, hufa. Mbwa wengi wadogo wa aina mbalimbali hupata ugonjwa huu uzeeni, lakini Cavalier huupata mapema mno. Wakifikia umri wa miaka 5, karibu nusu yao huwa na mnong'ono. Wakifikia miaka 10, ni wachache sana wasio nao. Dawa iitwayo pimobendani, kwa mujibu wa jaribio lililochapishwa mwaka 2016, huweza kuahirisha kushindwa kwa moyo kwa muda wa miezi 15 hivi kwa mbwa ambao moyo wao umekwisha kutanuka. Kuahirisha si kuponya.

Kasoro ya pili ni ya fuvu. Sehemu ya nyuma ya fuvu la Cavalier ni ndogo kuliko ubongo unaopaswa kukaa humo. Ubongo husukumwa kuelekea tundu la uti wa mgongo, majimaji yanayouzunguka hukosa njia, na baada ya muda vishimo vyenye maji hujitokeza ndani ya uti wenyewe. Baadhi ya mbwa hujikuna shingoni hewani, bila kucha kugusa ngozi. Wengine hulia wakishikwa sikio au wakinyanyuliwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya picha za uti wa mgongo za Cavalier 555 ambao wenyewe waliwaona kuwa wazima. Miongoni mwa wale wa mwaka mmoja, asilimia 25 walikuwa na vishimo hivyo. Miongoni mwa wale wa miaka 6 na kuendelea, asilimia 70. Mbwa hana lugha ya kueleza maumivu ya kichwa, na mwenye mbwa huweza kuyadhania kuwa ni upole wa tabia.

Sasa, nini hutokea Cavalier akipandishwa na pudeli?

Kila mnyama hurithi jeni mbilimbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Baadhi ya magonjwa hujitokeza pale tu ambapo jeni zote mbili zina kasoro. Jeni moja nzima yatosha kumlinda mnyama. Cavalier wana maradhi mawili ya namna hiyo ambayo jeni zake zilitambuliwa na kutangazwa mwaka 2012: mojawapo huifanya misuli ya mbwa ikakamae na kumwangusha akiwa katikati ya mchezo, na jingine huzaa watoto wenye manyoya yasiyo ya kawaida na macho makavu. Ikiwa pudeli hana jeni hiyo mbovu, hakuna hata mtoto mmoja wa kizazi cha kwanza atakayeugua. Hapa muuzaji wa Cavapoo amesema kweli, na anastahili kusadikiwa.

Lakini jeni mbovu haikufa; imejificha. Tuseme Cavalier aliyetumiwa alikuwa na jeni zote mbili zenye kasoro. Watoto wake wote ni wachukuzi wa jeni moja. Wakipandishwa wao kwa wao, mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, atapata jeni mbili mbovu na kuugua kama babu yake. Mkulima wa mahindi chotara analifahamu jambo hili bila kusoma vitabu vya Mendel: mbegu ya dukani humpa mavuno mazuri msimu wa kwanza, lakini akichagua punje katika shamba lake na kuzipanda tena, mimea hutoka mingine mirefu, mingine mifupi, na gunia halijai. Nguvu ya uchotara iko katika kukutana kwa jeni tofauti, na katika kizazi cha pili nusu ya tofauti hiyo hupotea. Wafugaji wanaomzalisha Cavapoo kwa Cavapoo hupata watoto wa kila sura, wa manyoya ya kujisokota na wa manyoya yaliyonyooka, katika uzao mmoja.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwingine. Ugonjwa wa vali ya moyo hausababishwi na jeni moja. Ni matokeo ya jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na katika urithi wa namna hii mtoto kwa kawaida huangukia mahali fulani kati ya baba na mama. Swali basi si kama damu imechanganywa, bali imechanganywa na damu ya nani. Pudeli mdogo naye ni mbwa mdogo, na mbwa wadogo, kama ilivyokwisha kuelezwa, wana mwelekeo wa ugonjwa uleule. Kumwoza Cavalier mwenye mnong'ono kwa pudeli ambaye moyo wake haujapimwa ni sawa na kuchanganya maji ya visima viwili bila kuonja hata kimoja.

Ushahidi wa hospitali na wa nyumbani unaafiki hoja hii. Mwaka 2024 Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London kilitoa matokeo ya uchunguzi wa mbwa 9,402, wakiwamo Cavapoo, chotara wengine wawili wa pudeli, na aina zilizowazaa. Waligusiwa maradhi 57 ya kawaida, na taarifa zilitoka kwa wenye mbwa. Katika asilimia 86.6 ya malinganisho yote, chotara hakutofautiana na mzazi wake. Katika asilimia 7.0 chotara alikuwa na hatari zaidi, na katika asilimia 6.4 alikuwa na hatari pungufu. Matokeo ya wazi kama haya si ya kila siku katika elimu ya viumbe. Hayasemi kwamba chotara ni mgonjwa. Yanasema kwamba jina la chotara peke yake halimwambii mnunuzi lolote kuhusu afya.

Kuhusu mzio, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Kinachomsumbua mgonjwa si unywele bali ni protini inayotoka katika mate na ngozi ya mbwa na kushikamana na manyoya. Watafiti wa Uholanzi waliopima protini hiyo na kuchapisha mwaka 2012 waliikuta kwa wingi zaidi katika manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio kuliko katika ya mbwa wengine, na hewa ya nyumba zao haikuwa safi zaidi. Manyoya yasiyopukutika hupunguza kazi ya kufagia, basi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba hakuna njia. Nchini Denmark, wafugaji wa Cavalier waliwekewa sharti kwamba mbwa asizalishwe kabla moyo wake haujasikilizwa na kupimwa kwa mawimbi ya sauti, na wenye kasoro wakaondolewa katika uzazi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba katika muda wa miaka 8 hadi 10 hatari ya ugonjwa wa vali ilipungua kwa asilimia 73. Hakuna damu ngeni iliyoingizwa. Kilichofanyika ni kuchagua. Lakini kwa kasoro ya fuvu uchaguzi wa ndani ni mgumu, kwa sababu karibu Cavalier wote wanayo, na asiyekuwa na mzima hana wa kumchagua.

Kwa sababu hiyo jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Wilaya ya Oslo, katika shauri lililofunguliwa na chama cha kutetea wanyama cha Norway, iliamua kwamba kuzalisha Cavalier kwa Cavalier ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama. Mahakama ya rufaa ilikubaliana nayo juu ya aina hii, na Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikatoa uamuzi wa mwisho uleule. Kumiliki Cavalier hakukukatazwa. Wala mahakama ya Oslo haikukataza kuchanganya damu. Ilieleza kwamba uchanganyaji wa dhati, uliopangwa kwa misingi ya sayansi, uko nje ya katazo hilo.

Tofauti kati ya uchanganyaji huo na biashara ya Cavapoo ni kubwa. Mpango wa kisayansi huanza kwa kumpima kila mzazi moyo na fuvu, humchagua mgeni kutoka aina yenye fuvu pana na moyo imara, huwafuatilia watoto mpaka uzee, kisha huwarudisha walio bora katika ukoo kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, kwa kuwa moyo wa Cavalier hausemi kweli mapema. Ndiyo sababu wataalamu wa moyo, tangu miaka ya 1990, walishauri kwamba mbwa asizalishwe kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu, na kwamba baba na mama yake wawe hawana mnong'ono wakiwa na umri wa miaka 5. Mtu anayekwenda kununua Cavapoo wa majuma 8, basi, ana haki ya kuuliza habari za mioyo ya wazazi wawili na ya mababu wanne, na kuonyeshwa hati ya daktari kwa kila mmoja.