Sukari Inapopanda na Sahani Haina Wanga

Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza akila sahani kubwa ya wali na sukari yake ikafika milimoli 16 kwa lita, hana haja ya kutafuta mchawi. Lakini aliyekula samaki wa kuchoma, mchicha wa nazi na nusu parachichi, kisha kipimo kikamsomea 16 hiyohiyo, anapaswa kushtuka. Chakula hicho hakina wanga wa kuipandisha sukari kiasi hicho. Kama haumwi na dozi yake aliipata, cha kwanza cha kushuku ni kwamba insulini haifiki mwilini. Na kwa anayevaa pampu, muda wa kulishughulikia jambo hilo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Pampu si ngeni. Mwaka 1978 John Pickup, Harry Keen na wenzao wa Hospitali ya Guy's, London, walichapisha matokeo yao ya kuingiza insulini chini ya ngozi mfululizo kwa kifaa kinachovaliwa mwilini. Leo kifaa hicho kinaingia mfukoni. Kwetu Afrika Mashariki wengi bado wanatumia sindano na vichupa, maana pampu ni ghali, na vifaa vyake vya kubadilisha kila baada ya siku mbili au tatu ni ghali vilevile. Wanaoitumia ni wachache wa mijini, pamoja na ndugu zetu waishio Muscat, London na kwingineko. Wengi wao wamesikia habari za kupunguza wanga na wanajaribu, wakati mwingine bila mtu wa kuwaeleza mambo mawili haya yanavyokutana.

Anayejidunga kila siku huwa na insulini ya muda mrefu iliyotulia chini ya ngozi. Akisahau dozi ya mlo, ile ya msingi ingalipo. Pampu haina akiba hiyo. Inatumia insulini ya haraka peke yake, ikiidondosha kidogo kidogo usiku na mchana, na insulini hiyo huisha nguvu baada ya saa tatu hadi tano. Kanula, yaani kijimrija laini kinachopitisha dawa chini ya ngozi, ikipinda au ikichomoka saa nne usiku, alfajiri mwili hauna insulini kabisa. Hapo ini huendelea kumwaga sukari kwenye damu, mafuta ya mwili yanavunjwa ovyo, na ketoni zinarundikana mpaka damu inakuwa na asidi. Madaktari huiita hali hiyo ketoasidosisi, nayo inaua.

Tazama viwango vyenyewe vilivyo vidogo. Insulini ya kawaida ya pampu ina yuniti 100 kwa kila mililita. Tone moja la maji ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo tone la insulini ukubwa huo lina yuniti 5. Mtu aliyepunguza wanga, ambaye dozi yake ya msingi imeshuka hadi nusu yuniti kwa saa, tone hilo linamtosha saa 10. Kiputo cha hewa kwenye mrija, hata kiwe kidogo cha kujaza nafasi ya yuniti moja, kinamnyima dawa ya saa mbili. Tena pampu haijui kama dawa imeingia mwilini. Inachohisi ni msukumo ndani ya mrija. Dawa ikienda polepole, msukumo huchukua saa nyingi kuongezeka hadi kengele ilie. Ndiyo kusema, anayetumia insulini kidogo ndiye huchelewa zaidi kuonywa. Na dawa ikivujia nje, kengele hailii hata kidogo. Hapo pua husaidia kuliko mashine: insulini ina harufu kali ya dawa ya hospitali, na plasta iliyolowa yenye harufu hiyo imeshajibu swali.

Kwa hiyo sukari ikizidi 13.9, yaani miligramu 250 kwa desilita, na dozi ya kurekebisha iliyotolewa na pampu isiishushe, usibonyeze tena ukingoje muujiza. Pima ketoni. Dozi inayofuata ipite kwenye kalamu au sindano, maana pampu ndiyo inayoshukiwa. Kisha badilisha vyote: kanula, mrija na insulini iliyo ndani ya kifaa, na uchague mahali pengine pa ngozi, mbali na vinundu vinavyotokana na kuchoma palepale miezi mingi. Usidharau joto. Kiangazi cha Muscat hupita nyuzi 40, na insulini iliyokaa kwenye pampu juani huharibika bila kubadilika rangi.

Kipimo cha ketoni ndicho kinachowachanganya wengi wanaokula wanga kidogo. Kwa mtu wa kawaida, ketoni chini ya 0.6 kwenye damu hazina tatizo. Kwa aliyebana wanga sana, kusoma 0.8 au 1.0 sukari ikiwa 6 huenda ni mwili unaochoma mafuta kwa utaratibu, insulini ikiwepo. Kinachotisha ni ketoni zinazopanda kutoka kipimo kimoja hadi kingine, au zinazofuatana na sukari kubwa, kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu. Zikipita 1.5 zungumza na daktari wako. Zikifika 3, au ukianza kutapika, ni hospitali moja kwa moja. Ni vyema kujua kiwango chako cha siku njema ili siku mbaya ujue tofauti. Tumia kipimo cha damu ukikipata, kwa sababu kile cha mkojo hueleza yaliyokwisha kupita.

Si kila sukari inayopanda inatokana na mrija, hata hivyo. Nyama nayo huipandisha, ila kwa kuchelewa. Watafiti wa Australia waliwapa watu wenye kisukari aina ya kwanza protini tupu, bila insulini ya mlo, wakachapisha matokeo mwaka 2016: gramu 50 hazikuleta mabadiliko ya maana, lakini gramu 75 na 100 zilipandisha sukari kuanzia saa ya tatu hadi ya tano. Gramu 300 hivi za nyama choma isiyo na mfupa zinafika hapo. Anayekula nyama saa mbili usiku na kachumbari, akaacha ugali, akalala na 7, anaweza kuamka saa saba usiku na 12. Dozi yote ikitolewa mara moja hutangulia chakula; sukari hushuka kwanza, kisha hupaa. Kwa mlo kama huu pampu ina faida ambayo sindano haina: inaweza kuisambaza dozi kwa saa kadhaa. Kiasi gani na kwa muda gani, hilo hupatikana kwa kupima na kuandika, ukiwa na mtaalamu wako.

Jingine linalosahauliwa ni hesabu zilizo ndani ya pampu. Wataalamu wengi huanza kwa kugawa 100 kwa yuniti za siku nzima. Aliyekuwa akitumia yuniti 40, yuniti moja humshushia 2.5. Akipunguza wanga na matumizi yakawa yuniti 25, yuniti moja sasa inashusha 4. Pampu isiporekebishwa, akiwa na 15 na akitaka 6, itampendekezea yuniti 3.6 wakati 2.25 zinatosha. Akiongeza nyingine baada ya saa moja kwa kukosa subira, ataanguka usiku kwa sukari kushuka mno. Na sindano ya glukagoni, ile ya dharura ya kupandisha sukari, huenda isimwinue kama zamani, kwa kuwa ini la asiyekula wanga lina akiba ndogo ya sukari.

Nazitaja hatari hizi bila nia ya kuwakatisha tamaa wanaopunguza wanga. Mwaka 2018 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa watu 316, watoto na wakubwa, waliokula wastani wa gramu 36 za wanga kwa siku. HbA1c yao, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, ilikuwa wastani wa asilimia 5.67. Ni matokeo mazuri mno. Ila watu hao walijiteua wenyewe, hawakulinganishwa na kundi lingine, na kwa watoto lazima ukuaji ufuatiliwe kwa karibu.

Familia nayo ina kazi yake. Mgonjwa akifikishwa hospitalini anatapika huku sukari yake ni 11, mhudumu anaweza kuona hakuna dharura. Mwambieni mara moja: huyu ana kisukari aina ya kwanza, anavaa pampu, hali wanga, tunaomba ketoni na asidi ya damu vipimwe sasa. Kama anameza vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini, semeni pia, kwa sababu vidonge hivyo huruhusu ketoasidosisi ije bila sukari kupanda sana. Atahitaji maji, insulini, na mara nyingi sukari kwenye dripu ili insulini hiyo iweze kuendelea. Siku hiyo wanga ni sehemu ya tiba.