Sitiari ya Utasa katika Istilahi za Hesabu

Istilahi ya namba tasa, iliyokwisha kuzoeleka katika vitabu vya hesabu vya Kiswahili, imejengwa juu ya sitiari. Tasa ni kiumbe asiyezaa. Na namba tasa ni ile, iliyo kubwa kuliko 1, isiyokuwa na kigawo kingine ila 1 na namba yenyewe. Mathalani, 7 ni tasa, lakini 15 si tasa, kwa kuwa ina vigawo 3 na 5. Swali lipaswalo kuulizwa ni hili: je, sitiari hiyo yaweza kustahimili uzito wa hoja za hesabu za juu, au ni neno la darasa la watoto tu? Namba moja yatosha kuwa mizani.

Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21, nayo hupatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Namba ya muundo huo haiwezi kuwa tasa isipokuwa kipeo chake nacho ni tasa. Hata hivyo, sharti hilo peke yake halitoshi: 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja 67 miongoni mwa vipeo vitoavyo namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, ingawa hakuonyesha hata kigawo chake kimoja. Vigawo vyenyewe vilibainishwa mwaka 1903 na Mmarekani Frank Nelson Cole: 193,707,721 na 761,838,257,287. Ipo kanuni kwamba kila kigawo cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, sharti kibakishe 1. Vyote viwili hubakisha 1.

Hapa sitiari haikulemewa. Lucas alithibitisha mimba. Cole, baada ya miaka 27, akawa mkunga. Kujua kwamba vigawo vipo ni jambo moja, na kuvijua ni jambo jingine. Tofauti hiyo yaelezeka kwa Kiswahili bila ya kuazima neno.

Palipo na udhaifu ni kwingine, yaani katika majina ya namba kubwa. Hata bilioni, tuliyoipokea kutoka ng'ambo, ilikuja na maana mbili: milioni elfu kwa Wamarekani, na milioni mara milioni kwa Waingereza, hadi serikali ya Uingereza ilipofuata desturi ya Kimarekani mwaka 1974. Kwa hiyo, namba hii yaweza kuchambuliwa kwa Kiswahili fasaha kabla haijaweza kutamkwa kwa jina ambalo wasemaji wote watalielewa namna moja. Wanaosanifu istilahi waanzie hapo.