Shimo Lililofika Majini

Tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda katika miaka ya 2020 na 2021, kisha likazidi tena mwaka 2024, wasomaji wa Buzebazeba, Ujiji na vijiji vya kandokando ya ziwa hawaishi kutuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: mtu mwenye kiwanja au shamba lake halali, kwa nini azuiwe kuchimba choo mahali apendapo?

Jawabu la kisheria ni fupi. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, imewekwa amana kwa Rais, na mwenyeji hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ile ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawadai wenye nyumba vyoo vinavyofaa. Lakini hikima ya masharti hayo imo udongoni.

Majimaji yatokayo shimoni hushuka kwanza katika udongo ambao nafasi zake kubwa zimejaa hewa, hata yakalazimika kupita polepole katika nafasi nyembamba, yakiambaa juu ya chembe za mchanga na mfinyanzi. Hapo vijidudu vya maradhi hukwama: vingine hunasa, vingine huliwa na viumbe wengine wa udongoni, na vilivyosalia hufa kwa kukawia njiani, na kadiri choo kinavyotumika, kuta za shimo hufanya utando wa ute unaochuja kupita udongo wenyewe. Ulinzi huo wote hutegemea hewa. Shimo likifika maji ya chini, nafasi kubwa nazo hujaa, mwendo huharakika, na bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, pamoja na virusi ambavyo kwa udogo wake ni taabu kunaswa, hufuata mkondo hadi kisima cha jirani. Fauka ya hayo, penye mchanga karibu na ukingo, maji ya chini yameungana na ziwa lenyewe, na likipanda nayo hupanda. Hivyo shimo lililochimbwa zamani kwa vipimo vyote laweza leo kuwa limezama, ilhali mwenyewe hakugusa sururu.

Hata hivyo wachimbaji husifu shimo lililofika maji, kwa kuwa “halijai”. Kweli halijai, maana yaliyomo yamekwenda kwa jirani! Wengine hudai kuwa ziwa lenye kina cha mita 1,470 hujisafisha lenyewe, kana kwamba mchotaji huchota katikati. Hao na wakumbuke mwezi wa Mei 2015, pale Kagunga, ukingoni mwa ziwa hilohilo: makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walibanana katika ufuko mwembamba wenye vyoo haba, na kabla ya mwezi kwisha, huko na katika njia yao ya kwenda kambi ya Nyarugusu, waliugua kipindupindu watu wapatao 3,000 na kufa takriban 30. Wako pia wanaosema kinyesi cha mtoto mchanga hakina dhara, kinalo.

Ama wanaotia betri kuukuu na chumvi shimoni ili “kula choo”, hao huongeza sumu ya madini katika maji. Na muuza hirizi ya kuzuia kipindupindu, maradhi yawezayo kuua kwa saa chache, hastahili hata salamu.

Anayejenga na afanye hivi: choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na tako la shimo libaki mita moja na nusu juu ya maji ya chini, isipowezekana, kiinuliwe juu ya tuta au shimo lijengewe lisivuje na linyonywe likijaa. Bwana afya na halmashauri waulizwe kabla ya msingi. Na kina cha maji kipimwe kisimani mwezi wa Aprili au Mei, ardhi ikiwa imeshiba mvua, si Agosti, ambapo kila mchimbaji huonekana mkweli.