Kamera yenye kioo na kamera isiyo na kioo

Tofauti ya kamera hizi mbili hudhihirika katika majina yao. Katika Nikon D700, iliyotolewa mwaka 2008, kioo kidogo kimewekwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga hugonga kioo hicho, hupanda juu, kisha hulifikia jicho. Kitufe kinapobonyezwa, kioo hujiinua kwa kishindo, na mwanga hupita hadi kwenye bamba linalopokea picha. Katika Nikon Z6 ya mwaka 2018, kioo hicho hakimo: bamba hupokea mwanga wakati wote, na jicho hutazama kiwambo kidogo cha elektroniki.

Kuondolewa kwa kioo kumepunguza umbali kati ya kitako cha lenzi na bamba, kutoka milimita 46,5 hadi 16. Uzito nao, bila betri, umeshuka kutoka gramu 995 hadi 585. Zaidi ya hayo, Z6 yaweza kupiga picha kimya, jambo la adabu msibani au mbele ya mzee anayesimulia. Tena hurekodi filamu, kazi ambayo D700 haiwezi.

Hata hivyo, kiwambo hula umeme. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri moja ya D700 hutosha picha 1000 hivi. Ya Z6, 310 tu. Basi mtafiti aendaye kijiji kisicho na umeme asivutwe na upya wa chombo pekee. Akikosa betri za akiba, kamera kongwe ndiyo itakayomfikisha mwisho wa kazi yake.